Samaki wa Ulimi wa Mfupa na Makwao: Masahihisho ya Makala Yangu ya Mwaka Jana



Mwaka jana niliandika katika gazeti hili makala fupi juu ya samaki wa mto Kongo. Baadhi yenu mtakumbuka kwamba nilimsifu sana yule samaki mrefu mwenye magamba makubwa, ambaye sokoni Kisangani huitwa Kongo ya sika. Nilisema kwamba ndiye mtoto halisi wa mto wetu, tena nikaongeza kwa maneno ya fahari kwamba babu za babu zetu walimla kabla hajaja mgeni yeyote katika nchi hii. Padre anayetufundisha elimu ya viumbe aliyapenda makala yale, na wenzangu walinipigia makofi. Nami nilivimba kichwa.

Wakati wa likizo nilikwenda kwa babu yangu, mvuvi, akaaye kando ya mto chini ya maporomoko. Babu hajui kusoma, basi nikamsomea makala yangu toka mwanzo hata mwisho, huku akitengeneza wavu wake. Nilipofika penye babu za babu zetu aliacha kushona, akanitazama. Nilipomaliza, akaniuliza kwa upole:

"Mjukuu wangu, hayo uliambiwa na nani?"

Nikajibu, "Hakuna aliyeniambia, Babu. Nilidhani tu, maana samaki huyu yumo kila mahali."

Akacheka, akasema, "Mimi nilipokuwa mtoto, samaki huyo hakuwamo. Baba yangu hakumjua. Siku aliyonaswa mara ya kwanza katika nyavu zetu, wazee walimgeuza-geuza chini, wengine wakaogopa kumla. Hata jina lake lakueleza. Je, mtu humwita mzee wake 'mpya'?"

Hapo niliona haya, maana kwa Kilingala Kongo ya sika ni Kongo mpya. Nalilitamka jina lile kila siku, lakini masikio yangu hayakulisikia. Basi niliporudi shuleni nilimwendea Padre, nikamwambia kwamba nimeandika uongo katika gazeti. Yeye hakunikaripia, alinipa vitabu, akaniambia nisome kwanza, kisha nisahihishe mwenyewe. Makala haya ndiyo deni langu.

Samaki huyu wataalamu humwita Heterotis niloticus. Neno la pili lamaanisha wa Nili, na kweli Nili ni moja ya makwao. Mtaalamu wa Kifaransa, Cuvier, ndiye aliyempa jina la elimu mwaka 1829. Nchi zake za asili ni ule ukanda mrefu wa Afrika ulio chini ya jangwa la Sahara: mito ya Senegali na Gambia, mto Niger, mto Volta, ziwa Chadi na mito yake, Nili, halafu mto Omo wa Ethiopia na ziwa Turkana lililoko Kenya. Ukiitazama ramani utaona kwamba Kongo haimo. Alifika kwetu kwa mkono wa watu. Katikati ya karne iliyopita mabwana wa ufugaji wa samaki walimchukua kutoka kwao, wakampeleka katika mabwawa ya nchi za kusini zaidi, kwa sababu hukua upesi na nyama yake ni nyingi. Bwawa si gereza. Alitoka, akaingia mtoni. Toka Ubangi akashuka hata Kongo, na leo amejaa mahali ambapo baba wa babu yangu hakumjua. Vivyo hivyo alipelekwa Madagaska na katika mto Nyong wa Kameruni.

Kwa nini alifaulu ugenini? Kwanza, ana namna mbili za kupumua. Ana matamvua kama samaki wote, lakini kibofu chake cha hewa chafanya kazi kama pafu, naye hupanda juu kuvuta hewa. Kwa hiyo aweza kuishi katika vinamasi vyenye maji mazito yasiyo na hewa, ambamo samaki wengi hufa. Pili, hachagui chakula. Juu ya matamvua yake kuna kiungo kilichojiviringa kama konokono, nacho humsaidia kuchuja vijidudu vidogo vya majini. Tena hula mbegu, mabuu ya wadudu na vitu vya matopeni. Hana haja ya kufukuza samaki wenzake. Tatu, hulea watoto wake. Maji yanapofurika, mume na mke huingia katika majani ya maji kame, wakayang'oa majani na kuyapanga kandokando, hata patokee uwanja wa mviringo wenye upana wa zaidi kidogo ya meta moja. Humo hutaga mayai, nao hubaki kulinda. Vitoto vikitoka, huenda pamoja kama wingu jeusi majini, na mzazi yu karibu. Akiachwa akue, hufikia meta moja na uzito wa kilo kumi.

Hapa sina budi kusema jambo moja ambalo halikuwamo vitabuni. Huko kwetu watu wamekwisha kujua viwanja hivyo. Mvuvi akikiona kimoja, hukizungushia wavu, akawapata mume na mke kwa siku moja bila taabu. Babu hafanyi hivyo. Nilipomwuliza sababu, alisema kwamba mtu akimwua kuku anayeatamia, mwaka ujao atakula nini? Wenzake humcheka, wakisema samaki ni mgeni, mwache aishe. Nami nilidhani maneno ya wenzake yana akili kidogo, hata niliposoma habari za ndugu za samaki huyu katika mabara mengine. Ndizo nitakazowasimulia sasa.

Ukoo wake ni ule wa samaki wa ulimi wa mfupa. Wameitwa hivyo kwa sababu wengi wao wana mfupa ulimini, na juu ya mfupa huo kuna meno. Samaki humbana mdudu kati ya ulimi na kaakaa, asiweze kuponyoka. Wale wanaoitwa hasa arowana ni wembamba kama upanga, mdomo wao umeelekea juu, na kidevuni wana sharubu mbili. Wote ni wa maji matamu. Wako Amerika ya Kusini, Asia ya kusini-mashariki na Australia, na huku Afrika yuko huyu Heterotis, ambaye ni binamu yao.

Huko Amerika ya Kusini kuna arowana wawili. Yule wa fedha, Osteoglossum bicirrhosum, hukaa katika mto Amazon na matawi yake, na pia katika mito ya Guyana. Mwenzake mweusi, ambaye ni mweusi hasa akiwa mdogo, ni wa mto Rio Negro, nao wataalamu hawakumtenga kuwa aina ya peke yake hata mwaka 1966. Mto Amazon ukifurika, maji huingia msituni kama yafanyavyo kwetu, na arowana wa fedha huogelea kati ya miti akitazama juu. Akimwona mdudu juu ya tawi, huruka nje ya maji na kumnyakua. Ndiyo maana watu wa huko humwita kwa kimasihara nyani wa majini.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni malezi. Mke hutaga mayai makubwa, si mengi, kisha mume huyakusanya yote kinywani mwake. Humo huyabeba hata yaanguliwe, na vitoto vikiisha toka huendelea kukaa kinywani, vikitoka kidogo kula na kurudi vikiona hatari. Kazi hiyo huchukua kiasi cha miezi miwili. Fikirini, wasomaji, baba aliyefumba kinywa kwa majuma mengi kwa ajili ya watoto! Basi watu wameigeuza sifa hiyo kuwa hasara yake. Vitoto vya arowana huuzwa nchi za mbali kwa wale wanaofuga samaki katika matangi ya kioo. Wavuvi wa Brazili, Kolombia na Peru wakitaka kuvipata, mara nyingi humwua baba na kukifungua kinywa chake. Huko hakuna aliyesema kwamba samaki ni mgeni. Yuko kwao, na bado hufanyiwa hivyo. Nilipoyasoma hayo, nilikumbuka viwanja vya vinamasini kwetu na nyavu zinazovizunguka.

Katika mto huohuo wa Amazon yuko jitu la ukoo huu, pirarucu, au Arapaima. Wakubwa kabisa waliovuliwa zamani walikuwa na urefu wa meta tatu hivi. Yeye hana hiari: asipopanda kuvuta hewa kila baada ya dakika kumi au ishirini, atakufa maji, ingawa ni samaki. Kwa sababu hiyo wavuvi wenye chusa walimngoja juu, wakamchoma alipotokea, na sehemu nyingi akaanza kuadimika. Lakini katika hifadhi ya Mamirauá, Brazili, tangu mwaka 1999 wanavijiji wameutumia udhaifu huo kwa namna nyingine. Mvuvi mzoefu hukaa kimya ndani ya mtumbwi, akahesabu pirarucu wanaopanda kupumua katika sehemu yake. Hesabu za wote zikijumlishwa, hupewa ruhusa ya kuvua sehemu tu ya wakubwa, wengine waachwe. Wataalamu walizipima hesabu hizo kwa nyavu, wakaona wavuvi hawakukosea sana. Nilimsimulia Babu habari hii kwa furaha kubwa. Yeye hakustaajabu hata kidogo. Alisema tu, "Bila shaka. Mvuvi asiyejua kuhesabu samaki ni mchukuzi wa wavu."

Sasa twende Asia, ambako samaki huyu amekuwa na thamani ya ajabu. Arowana wa Asia, Scleropages formosus, ana rangi mbalimbali kwa kadiri ya mito yake. Wale wa kijani ndio walioenea zaidi, toka Thailandi na Kambodia hata Malaysia na visiwa vya Indonesia. Wa dhahabu ni wa Malaysia, na wengine wa dhahabu wenye mkia mwekundu ni wa kisiwa cha Sumatra. Wekundu wenyewe, ambao hushinda wote kwa bei, asili yao ni mto Kapuas na maziwa yake katika kisiwa cha Borneo, penye maji meusi kama chai ya mkandaa. Mwaka 2003 wataalamu wengine walitaka kuwagawa kuwa aina nne mbali mbali, lakini wenzao wengi hawakukubali, wakasema ni aina moja yenye rangi nyingi. Huko Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, mwaka 2012 alitangazwa mwingine ambaye magamba yake yana mistari iliyopindapinda kama maandishi.

Zamani watu wa Borneo walimla arowana kama sisi tunavyokula samaki yeyote wa sokoni. Kisha Wachina na majirani zao walimwona kuwa anafanana na joka la hadithi zao, kwa magamba yake makubwa na sharubu zake, nao huamini kwamba joka huleta bahati na mali. Basi matajiri wakaanza kumweka nyumbani. Bei ikapanda, na mito ikaanza kuwa mitupu. Tangu mwaka 1975 mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini umekataza kuuzwa kwa arowana wa Asia waliovuliwa mwituni. Leo wanaoruhusiwa kuuzwa kutoka nchi hata nchi ni wale waliozaliwa katika mabwawa yaliyoandikishwa, na kila mmoja hutiwa mwilini kidude kidogo chenye namba yake. Aliye mzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, na Marekani yenyewe hairuhusu watu kumfuga. Kwa hiyo ni samaki aliyejaa katika mabwawa yenye kuta na walinzi, lakini kwao mtoni ni adimu.

Habari za Australia nitazipita upesi. Wako wawili. Mmoja ni wa mito ya kaskazini ya Australia na ya kusini ya kisiwa cha New Guinea, mwingine asili yake ni mto Fitzroy tu, katika jimbo la Queensland, naye amepewa jina la msafiri Mjerumani, Leichhardt. Kitu cha kuangalia ni kwamba kwa hawa wa Australia mama ndiye anayebeba mayai kinywani, wala si baba.

Sasa swali. Samaki hawa wa leo hawawezi kuvuka bahari ya chumvi. Basi ilikuwaje ukoo mmoja ukawa Amazon, Nili, Borneo na Queensland? Wataalamu hujibu kwamba zamani sana mabara ya kusini yalikuwa nchi moja, iitwayo Gondwana. Nchi ile ilipasuka. Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana kabisa yapata miaka milioni mia moja iliyopita, na kila bara likaondoka na mito yake, na samaki ndani ya mito. Kwa arowana wa Asia, wengine hudhani kwamba babu zao walisafiri pamoja na nchi ya Bara Hindi, ambayo ilitoka huku kusini ikaenda kugongana na Asia. Wazo hili linapendeza, nami nililipenda mara moja. Lakini Padre alinionya nisirudie kosa langu la kupenda jambo kabla ya kuliuliza. Kwa maana mifupa ya samaki wa ukoo huu, iliyogeuka mawe, imeonekana pia Denmaki na Uingereza katika udongo uliokuwa chini ya bahari. Yaani baadhi ya wazee wao waliishi katika maji ya chumvi, na huenda wengine walivuka kwa kuogelea. Ubishi huo haujakwisha.

Nami nalibaki na swali langu mwenyewe. Ikiwa Kongo ya sika ni mgeni, je, mto wetu hauna hata ndugu mmoja wa ukoo huu aliye mwenyeji? Niliona ya kuwa wako, tena wengi, nami nimewala maisha yangu yote bila kuwajua. Wale samaki wenye mdomo mrefu kama mkonga wa ndovu, ambao hutambua njia gizani kwa umeme mdogo utokao mwilini mwao, wamo katika kabila kubwa moja na arowana. Na yuko mwingine, Pantodon, mdogo kama kidole cha mkono wa mtu mzima au kupita kidogo, mwenye mapezi mapana kama mabawa ya kipepeo. Naye kinywa chake huelekea juu, hukaa chini tu ya uso wa maji akingoja wadudu, na akishtuka huruka. Tazama, mambo yaleyale ya nyani wa Amazon, lakini kwa kipimo cha mtoto! Yeye ni wa Kongo na wa Afrika ya magharibi, naye hajaletwa na mtu.

Likizo iliyopita nilimwomba Babu tukamtafute. Tulikwenda alfajiri kwenye kijito chenye kivuli nyuma ya mashamba. Nalikuwa na kijiwavu nilichokishona kwa kitambaa cha chandarua. Tulisimama majini kwa muda mrefu, mbu wakatula sana. Hata mara Babu akanigusa bega, akanionyesha kwa kidevu kitu kama jani kavu lililoelea kando ya mzizi. Jani likamrukia mdudu. Nilikosa mara mbili, mara ya tatu nikampata.

Nilimwuliza Babu jina lake katika lugha yetu. Alifikiri kitambo, akasema kwamba watoto humkamata kwa kucheza na kumtupa, wala hana nyama, wala bei, kwa hiyo yeye hakujifunza kumwita. Akamtazama tena kiganjani mwangu, akaniambia nimuulize dada yake mkubwa, maana yeye hujua majina mengi ya zamani. Bado sijapata nafasi ya kufika kwake.

Samaki yumo sasa ndani ya chupa ya spiriti, katika kabati la darasa la elimu ya viumbe, rafu ya pili. Kando yake iko chupa kubwa yenye kitoto cha Kongo ya sika nilichokileta mwaka juzi. Kile kikaratasi nilichokibandika juu yake, kilichosema "mwenyeji wa mto Kongo", nimekibandua, nikaandika kingine.